Jumapili Ambazo Hakuwa Kazini

Kisa hiki ni cha kweli tupu, na anayebisha aje na kiapo chake, nami nitakuja na changu, tuone cha nani kizito. Sikuongeza kitu. Nimepunguza kidogo tu, maana ukweli wenyewe ulikuwa mnene na karatasi ni nyembamba.

Alikuwepo mpiga pasi mmoja aliyekwenda kutafuta riziki nchi za watu, kwenye kiwanda cha kufulia shuka za mahoteli. Pasi yenyewe si hii ya mkononi. Ni mashine ndefu kama kitanda cha jitu: unailisha shuka mbichi upande huu, inaitema upande wa pili imenyooka hata nzi akitua anateleza na kuvunjika mguu. Wenzake walimwita Mkunjo Mmoja, kwa sababu tangu aanze kazi shuka moja tu ndiyo iliyomtoka na mkunjo, na siku hiyo alipiga chafya.

Kazi ilikuwa siku sita. Jumapili ni ofu. Na balaa lote lilianzia kwenye hiyo ofu.

Huko kwao alimwacha mama yake na dada yake mkubwa, katika nyumba yenye sheria moja isiyovunjwa: hakuna anayekaa wakati mwenzake bado yuko kazini. Enzi za marehemu baba yao, mzee akichelewa karakana, hakuna aliyegusa kiti. Watoto walifanya hesabu za shule wamesimama, daftari ukutani, na paka naye alinywa maziwa kwa wasiwasi. Mzee akibisha hodi ndipo nyumba nzima inakaa kwa mpigo mmoja, pwaa, kama gunia limeshushwa.

Jumapili ya kwanza ugenini, dereva mmoja mtu wa kwao, mwenye kigari kilichofungwa mlango kwa kamba, alimpitia wakaenda pwani. Mkunjo Mmoja hakuwa ameiona bahari. Alikunja suruali hadi magotini, akaingia majini, akacheka peke yake kama kichaa. Simu ikaita.

"Mwanangu, nimekupigia tangu asubuhi. Uko wapi?"

Akaitazama miguu yake iliyolowa, akamkumbuka mama yake mwenye goti bovu, ambaye naye hajaiona bahari. Aibu ikamshika, na badala ya kusema kweli akasema, "Niko kazini, mama."

"Jumapili?"

"Huku hakuna Jumapili."

"Na hayo makelele?"

"Mashine za kufulia."

Wakati huohuo ndege mkubwa wa baharini akamnyakulia mkate mkononi, akapiga yowe.

"Ee! Nani huyo?"

"Msimamizi wetu, mama. Ndivyo anavyoongea."

"Masikini, koo lake," akasema mama. "Mpe maji ya tangawizi."

Uongo ule ulimkaa vizuri kama shati la kushonwa kwa kipimo, akauvaa miezi kumi na minne. Jumapili hii pwani, ijayo milimani, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Upepo wa mlimani, ambao siku moja ulimvua dereva soksi bila kumvua viatu, aliuita mashine ya kukaushia. Mama alipouliza mbona sauti inatetemeka, akajibu joto la pasi, kumbe ni baridi. Alikuwa akikata simu, anawatupia ndege mkate uliobaki. Halafu dereva anasema twende, naye anakwenda.

Jumatano moja dada yake akapiga.

"We bwana, shikamoo yako nitaipokea baadaye. Nina neno."

"Haya, nimekuwekea. Sema, dada."

"Kikundi cha kina mama kinakwenda pwani Jumapili. Mama wamempa kiti, cha dirishani. Amekataa."

"Kwa nini? Si ndiyo hamu yake tangu tuko watoto?"

"Kwa sababu yako! Anasema mwanangu yuko kwenye mashine, mimi nikapunge upepo? Tangu uondoke hajakaa Jumapili hata moja. Anafagia uwanja, anaufagia tena. Akimaliza uchafu anauazima kwa jirani. Maharage anachambua wima. Goti limekuwa kama papai."



"Hukuniambia."

"Alinikataza. Alisema usitiwe simanzi kazini. Sasa sikiliza: mwombe huyo msimamizi wako mwenye koo akupe Jumapili moja tu. Umpigie mama mapema umwambie umepumzika, atapanda basi. Linaondoka saa mbili asubuhi. Wapo wanaokitaka hicho kiti."

"Nitaomba," akasema, mtu ambaye ofu yake ilikuwa imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa.

Siku zile tatu zilizobaki pasi ilimtemea mikunjo kumi na saba. Alitaka kumwambia mama kila kitu, kisha akajipunguzia: nitasema nimepewa ofu leo, basi. Ni kweli nusu, na nusu si haba.

Jumapili alfajiri alikaa kitandani, simu mkononi, akitafuta sauti ya mtu aliyepewa ofu kwa mara ya kwanza. Hakuipata. Honi ikalia nje. Akasema nitapiga njiani. Njiani wakaingia bonde lenye majabali, mtandao ukafa.

"Geuza gari," alimwambia dereva.

"Nigeuze wapi, na njia hii ni upana wa mkanda wa suruali? Huko juu mtandao upo. Tulia."

Wakapanda. Kila kona alinyanyua simu dirishani kama mtu anayeuza samaki. Walipofika kileleni, akaruka kabla gari halijasimama, akapiga. Mama akapokea mara moja, maana simu alikuwa ameishika.

"Mama! Leo nimepewa ofu! Nimelala chumbani, nimepumzika. Kapande basi!"



"Limeondoka," akasema mama. "Dada yako aliniambia utapiga. Nikavaa gauni la buluu, nikajipaka mafuta, nikasimama mlangoni. Wakanisubiri nusu saa. Nikasema, mwanangu bado yuko kazini, nendeni. Kiti wamempa jirani."

Mkunjo Mmoja akaizibia simu upepo kwa kiganja.

"Lakini madhali umepumzika, nimefurahi," mama akaendelea. "Mbona mashine ya kukaushia inalia hapo ulipolala?"

Hapo dereva, mtu mwenye adabu zake, akasikia neno mama, akaipokonya simu amsalimie.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, baba. Nani wewe?"

"Mimi ndiye ninayemtembeza mwanao. Usimwonee huruma, huku anafaidi! Leo tuko juu ya mlima, wiki iliyopita tulikuwa baharini, wiki ile nyingine maporomoko. Jumapili haitupiti!"

"Kila Jumapili?"

"Kila moja, mama! Mvua, jua!"

"Asante, baba. Mrudishie simu."

Mkunjo Mmoja aliipokea kama mtu anayepokea kaa la moto. Dereva alipouona uso wake, akaenda kuangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo.

"Ni kweli?" mama akauliza.

"Ni kweli, mama."

"Na msimamizi?"

"Alikuwa ndege."

Alidhani atafokewa, na angeshukuru. Lakini mama alipumua tu, ikasikika kama mtu anayetua ndoo.

"Sikukukataza kutembea," akasema. "Ungeniambia, ningekaa, nikakusikiliza ukinihadithia. Hivi mimi nilikuwa nafagia kwa ajili ya nani?"

"Nisamehe, mama."

"Una likizo?"

"Siku ishirini na moja." Alikuwa ameshapanga na dereva kuzunguka nazo pwani yote.

"Zote ni zangu. Utakuja unipeleke hiyo bahari mwenyewe, na goti likikataa utanibeba. Na Jumapili zilizobaki mpaka siku hiyo, nenda kazini kweli. Mimi nimesimama miezi kumi na minne. Sasa ni zamu yako."

Kesho yake alimfuata msimamizi, bwana mpole mwenye sauti ya mbu, akajaza fomu ya likizo na kuomba zamu ya Jumapili. Msimamizi akamuuliza mara mbili kama ni mgonjwa.

Jumapili ya kwanza shuka zilikuwa mlima, na mtu wa zamu alikuwa yeye peke yake. Mbele ya pasi palikuwa na stuli. Miguu ilipoanza kuwaka akaivuta ile stuli kwa kidole cha mguu, polepole. Simu ikaita.

"Mwanangu, uko kazini?"

"Niko kazini, mama."

"Mimi nimekaa. Dada yako kaniwekea mto chini ya goti. Na wewe, umekaa?"

Akaitazama stuli. Akaisukuma kwa mguu mpaka ukutani.

"Nimesimama, mama."

"Haya, endelea," akasema mama, kisha akaanza kuulizia pwani ile ya kwanza, maji yalikuwa ya rangi gani, na yeye akawa anailisha mashine shuka huku akimweleza.