Neno Nililomwambia Milembe

Mwanamume nisiyemjua alisimama mlangoni kwangu, pale Bariadi, jua likiwa la utosi. Alikuwa amemshika mkono binti mdogo mwenye masikio yaliyochomoza pembeni kama majani mawili ya kwanza ya mche wa pamba. Masikio hayo niliwahi kusimuliwa.

"Mwadila," alinisalimu Kisukuma. "Wewe ndiye Anyesi wa maabara? Mimi Mahona, mume wa Milembe."

Milembe alizikwa kijijini kwao, Nkololo, wakati wa palizi.

Mwaka uliotangulia, nikiwa nimehitimu juzijuzi na kujitolea kwenye zahanati moja ya mjini, Milembe alishusha kanga akanionyesha bega. Uvimbe mgumu, wenye wekundu wa kiza, ulikuwa umeota ndani ya ngozi. Kwao waliuita kovu la chale. Nikamweleza, kwa furaha ya mtu aliyetoka chuoni, kwamba upo uvimbe wa ngozi unaoanza pale vinasaba viwili vinapokatika na kuungana vibaya, na kwamba ukithibitika, kuna vidonge vya kuuzuia.

"Kipande kitaenda Dar," nikasema, "kupimwa vinasaba."

Kijijini kwao neno hilo lilikuwa na kazi moja tu: kutafuta baba wa mtoto. Mahona akasikia kwamba mkewe anakwenda kupimwa vinasaba, akaona binti yake Sayi anachukuliwa. Akakataa katakata. "Mjini hutakwenda tena," akamwambia mkewe.

Milembe aliporudi zahanati baadaye, uvimbe ulikuwa umefika mapafuni. Bado alicheka. "Na masikio yale ya Sayi? Hata kipofu akiyapapasa atasema ni ya Mahona!" Kicheko kikageuka kikohozi. Kilipotulia, alinishika kiganja. "Siku akija kukuuliza, usimfiche kitu. Niahidi, mdogo wangu."

Nikaahidi. Nilidhani ni jambo dogo.

"Kile kipimo," Mahona alisema sasa, "kilikuwa cha nani?"

"Cha uvimbe, baba. Hakikumhusu mtoto."

Alimsogeza Sayi karibu naye.

"Ningekubali, angepona?"

Hapana. Neno lilikuwa tayari ulimini, jepesi, na lingempa usingizi.

"Sijui," nikasema. "Huenda. Dawa ilikuwepo."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayepokea salamu kutoka mbali. Kisha akachuchumaa, akashika pindo la shati lake, akampangusa Sayi vumbi: sikio moja, halafu la pili. Akampandisha begani.