Aliyembeba Kasyoki Mtoni

Kwa wiki tatu Kasyoki aliota ndoto moja. Amebebwa mgongoni, wanavuka mto mkavu wa mchanga kule kwao Kitui. Mchanga unammeza anayembeba, kwanza vifundo, kisha magoti, naye Kasyoki, mtu mzima mwenye viatu vyake vya kazini, hashuki. Uso wa huyo mtu hauoni. Akiamka, hapati usingizi tena, na kutwa nzima kwenye kliniki ya meno ya Hurlingham, Nairobi, alikokuwa daktari, akili yake haitulii. Siku moja alimdunga mgonjwa ganzi upande usiokuwa na jino bovu.

Mchungaji wake alimwambia anayembeba ni Mungu, basi asihangaike. Jibu hilo lilimfaa siku mbili. Kisha akajiambia ni mama yake, akawa anampigia simu mara nne kwa siku, mpaka mama akauliza kama kuna msiba anaofichwa.

Ravneet, daktari mwenzake, ndiye aliyemshauri aache kuuliza watu.

"Ndoto ni yako," alisema. "Iandike kabla hujatoka kitandani, hata vitu vidogo. Halafu ujiulize ni kitu gani unaogopa kuandika."

Akanunua daftari. Siku ya kwanza aliandika mchanga na jua. Siku ya pili, viatu. Siku ya tano akaandika: anayenibeba amevaa sweta ya shule, buluu, imetoboka kiwikoni. Akalifunga daftari, akaenda kuoga, akarudi na maji yakimchuruzika, akalifungua tena.

Sweta ile aliijua. Ilikuwa ya Kaindi, dada yake mkubwa, aliyeacha shule darasa la saba baba yao alipofariki, akaja Nairobi kufanya kazi za nyumba ili Kasyoki asome. Na mwezi uliopita, katika supamaketi moja ya Lavington, Kaindi alitokea mbele yake akisukuma kigari cha mtoto wa mwajiri wake, akatabasamu. Kasyoki alikuwa na madaktari wenzake. Aliikazia macho rafu ya sabuni mpaka dada yake akapita.

Jumamosi alimpigia simu. Haikupokelewa. Akaendesha gari hadi Lavington, akalipita lango la mwajiri wa Kaindi mara mbili kabla ya kuegesha. Tobias, mlinzi, akamuuliza anamtaka nani, naye akamtaja Kaindi.

"Nimwambie ni nani anamwita?"

Neno "rafiki" lilikuwa tayari mdomoni. "Mwambie ni mdogo wake," alisema. "Wa tumbo moja."

Tobias alimtazama, akalitazama na gari. Akasema miaka sita amekaa pale, hajasikia Kaindi ana mdogo wake Nairobi. Kisha akaingia ndani.

Kaindi alichelewa kutoka. Alisimama langoni akijifuta mikono kwenye aproni, hakumkaribisha wala hakumfukuza. Kasyoki akaanza na ndoto, maneno yakigongana: mchanga, sweta, na vile alivyokataa kushuka. Halafu akasema lile la supamaketi. Alilisema lote, hata sabuni.

"Nilidhani umeshtuka tu," Kaindi alisema. "Nikazunguka, nikaja tena kwa upande ule mwingine, nikupe nafasi. Ukageuka tena."

Hilo Kasyoki hakuwa ameliandika popote. Akaomba msamaha kwa Kikamba, polepole, kwa kuwa Kiswahili kilimwishia.

Kaindi alisikiliza hadi mwisho. Ndani mtoto alianza kulia.

"Jumapili ijayo niko ofu," akasema. "Nitakuja kwako Loresho. Nitakula na watoto wako. Wakiuliza mimi ni nani, na majirani wakiuliza, wewe ndiye utajibu."

"Nitajibu."

"Tutaona," Kaindi alisema, akamkimbilia mtoto.

Wiki hiyo ndoto haikurudi, lakini usingizi nao ulikuja kwa vipande. Kufikia Alhamisi Kasyoki alikuwa amebadilisha mara tatu chakula atakachopika, na bado hakuwa amewaambia watoto kwamba ana dada mkubwa.