Tepu Inayoanzia Tano

Mwaka wa pili ulikuwa unakatika, na Fundi hajatoka nje ila kwa mgongo wa mumewe. Miguu ilimwacha, mikono ikabaki na uhodari wake, kwa hiyo cherehani yake haikunyamaza. Kiti cha magurudumu alichopewa hospitali kilikaa kimekunjwa uvunguni, maana kichochoro chao kilikuwa na mfereji wa maji machafu katikati, na mawe ya kurukia. Kiti hakiruki. Basi mumewe, bawabu mstaafu ambaye mtaa mzima bado unamwita Bawabu kana kwamba ana geti la kufungua, alimbeba kwenda kliniki kila mwezi. Mgongo wake ulilalamika, yeye akajifanya hausikii. Fundi aliusikia vizuri sana.

Ndipo manispaa ikatangaza kwamba itasakafia njia za mtaa na kufunika mifereji, na wananchi wenyewe ndio watakaopanga zipi. Maneno matamu hayo. Kikao cha kwanza kiliitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, kikajaa watu wa nyumba za juu, wenye magari na wenye nafasi. Wakapitisha kwamba njia isiyofika upana wa mita mbili isihesabiwe. Watu wa vichochoroni walipata habari mambo yameshaiva, kama ilivyo desturi yao. Wakaambiwa kila kichochoro kipimwe palipo pembamba zaidi, kipimo kiandikwe, kipelekwe kwa mwenyekiti.

Bawabu alichukua tepu ya mkewe ya kupimia nguo, akatoka bila kuuliza. Alirudi uso umemkunjuka. Mita mbili kamili, alisema, si pungufu si zaidi, na karatasi keshaikabidhi. Papo hapo akapiga magoti, akakivuta kiti kutoka uvunguni na kuanza kukipangusa vumbi, gurudumu kwa gurudumu. Fundi akamuuliza alipimia nini. Akaonyeshwa ile tepu.

Tepu ile pasi iliwahi kuiunguza ncha, naye Fundi akaikata penye alama ya tano. Miaka kumi na minane alikuwa akipima na kutoa tano kichwani. Kiuno kikisoma tisini na tano, anaandika tisini. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuna mwingine aliyeigusa. Na Bawabu, ili avuke kichochoro, aliilaza mara mbili. Kwa hiyo sentimita kumi zilikuwa za hewa tupu.

Angeweza kunyamaza. Alimtazama mzee wake akisugua magurudumu, jasho likimtoka shingoni, akaona haya kumkatizia furaha. Akamwachia furaha hiyo mpaka asubuhi. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mpimaji wa manispaa angekuja na tepu ya chuma. Chai ilipokwisha, akamweleza.

Bawabu akauliza kwa nini hakuambiwa mapema habari za tepu. Fundi akajibu kwamba hakuuliza. Wakacheka kidogo, wote wawili, halafu Bawabu akageukia ukutani. Miaka arobaini ya ndoa, Fundi alijua mumewe akigeukia ukuta anaficha nini. Akamwita taratibu.

"Nibebe mkutanoni," akamwambia. "Nitasema mwenyewe."

Mkutano wa pili ulikuwa Jumapili, katika darasa la shule, na safari hii vichochoro vilikuja. Bawabu akamweka mkewe juu ya dawati. Mpimaji, binti mpole mwenye ramani kubwa kuliko yeye, akasikiliza habari za pasi na tano bila kumkatiza. Bwana mmoja wa nyumba za juu akacheka, akasema kanuni ni kanuni, mita moja na sentimita tisini haiingii. Fundi akamgeukia mpimaji.

"Mwanangu, hizo mita mbili ni kipimo cha nani?"

Binti akasema ni cha gari dogo.

"Kwetu gari halipiti, na hatujaliomba," Fundi akasema. "Mimi nimeshona tangu ujana, sijawahi kumkatia mtu nguo kwa kipimo cha jirani yake. Kiti changu kina sentimita sitini na tano. Mgonjwa kwenye machela na wanaombeba, mita moja inawatosha. Tupimeni sisi kwanza, ndipo mkate."

Jirani yake muuza mkaa, mwanamke asiyejua kunong'ona, akauliza kama kilichofungwa na kikao cha kwanza, kikao cha pili hakiwezi kukifungua. Mpimaji akapekua makaratasi yake, akasema kinaweza. Yale yalikuwa makubaliano ya wakazi, si sheria. Mzee mmoja akahofia kwamba njia zikiwa nyingi kazi itachukua miaka, na hofu yake haikuwa ya uongo. Muuza mkaa akamjibu kwamba kungoja wamekuzoea. Mwishowe likaletwa pendekezo la mita moja na nusu. Wanaokataa wasimame upande wa mlango, wanaokubali upande wa dirisha, mikono juu.

Bawabu akainama, akampandisha mkewe mgongoni, wakavuka chumba polepole.

Waliokataa walikuwa ishirini na sita. Upande wa dirisha mpimaji alikuwa ameshapita arobaini alipowafikia wao, wa mwisho kabisa. Fundi alikuwa ameinua mikono miwili.

"Mama, mtu ni mkono mmoja," binti akasema.

"Huu ni wangu. Huu ni wa mume wangu," Fundi akasema. "Ya kwake yote miwili imenibeba mimi."

Binti akamtazama Bawabu, aliyekuwa ameinamisha uso, machozi yanamdondoka na hana mkono wa kuyafutia. Akaandika watu wawili.