Piano Isiyomchelewesha Mama

Sauti hii ya piano nimeichagua mwenyewe, na siibadilishi. Kaka yangu Lutufyo, anayepiga kinanda kwenye kwaya kubwa huko Mbeya, alikuja nyumbani Masukulu, akaisikiliza programu ya piano niliyoinunua kwa bei ya chini na kuiweka kwenye kompyuta, akacheka. "Vaileth, hiki ni kipiano cha sebuleni."

Akaniwekea ya kwake, yenye sauti ya piano ndefu ya ukumbini. Ni tamu, sikatai. Lakini kompyuta yangu ni kuukuu, inazidiwa. Nikibonyeza kinanda nilichokiunganisha nayo, sauti inatoka imechelewa.

Na mama yetu hasubiri kupewa sauti na kinanda. Kwenye sala ya jioni anaanzisha wimbo popote koo lake linapoangukia, juu au chini, na mpigaji ndiye anayemfukuzia. Jana nilimfukuzia kwa piano ya Lutufyo. Mama akafika kwenye kiitikio, mimi bado nahangaika na ubeti.

Leo, kabla ya sala, nimeitoa. Nimeirudisha ya kwangu, nyepesi, inayoitika kidole kikigusa tu.

"Unajishusha," Lutufyo akanung'unika. "Wanaojua muziki watakucheka."

"Waje wacheke hapahapa, mbele ya mama."

"Sauti nzuri husubiriwa, Vai."

"Sawa, kaka. Mwambie mama asubiri."

Akageuka kumtazama. Mama alikuwa ameshaanza kuimba, na mimi nilikuwa nimeshamkamata.