Sehemu ya Tatu Imepotea Milele

Cormac Delahunt alitoka Dublin kuja kwetu Clare, mashambani magharibi mwa Ireland, kutafuta muziki wa kale, na alikuja amevaa sweta ya sufu iliyokuwa ghali kuliko kondoo yeyote wa kijiji hiki. Alikuwa mpiga fidla mzuri, sitamnyima haki yake. Shida yake ni kwamba hakuweza kupiga nota mbili bila kutueleza sisi ni watu wa namna gani.

Albamu yake aliiita Mifupa ya Ardhi. Kwenye jalada amesimama peku katika matope, kwenye baridi ya mwezi wa pili, anatazama mbali kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Alikataa kurekodia studio, eti studio haina roho, tukaenda kwenye kanisa bovu lisilo na paa. Alitaka mvua isikike. Mvua ya Clare, ambayo huja hata harusini bila kualikwa, ikagoma siku tatu mfululizo, mpaka fundi wa sauti akawa anamwagia bati maji kwa ndoo. Hiyo ndiyo mvua mnayoisikia.

Nasema "tukaenda" kwa sababu nami nimo. Donncha Moroney, kinanda cha mkono, ukurasa wa kumi na tisa wa kijitabu cha maelezo. Nilikuwa na miaka hamsini na minane, arobaini kati ya hiyo nimepiga kila Jumapili mchana katika baa ya Hession, na jina langu halikuwahi kuchapwa popote ila kwenye leseni ya mbwa.

Siku ya pili pale kanisani Cormac akapiga wimbo alioupata kwa Mzee Sonny Talty, mpigaji mkongwe wa kijijini. Niliutambua kabla hajafika mbali. Aliutunga Attracta Hehir, mpeleka barua wetu, miaka kumi na miwili nyuma, mchana tuliotoka kumzika mama yake. Nilikuwepo jikoni kwake natafuna mkate wa msiba, naye ameegemea sinki na fidla yake. Akauita "Nonie Mlangoni", kwa sababu Nonie, mama yake, alikuwa akisimama mlangoni kila asubuhi kumngoja apite na barua. Baadaye akamfundisha Mzee Sonny, kipande kidogo kila alipompelekea barua. Wimbo una sehemu tatu. Sonny, kwa miaka yake themanini na minane, alishika mbili.

Cormac akaniuliza kama naujua. Nikamjibu nimewahi kuusikia mahali fulani. Aibu ilinishika palepale, na bado nikameza maneno. Huo ndio wimbo pekee aliotaka kinanda changu kiwemo, na niliogopa ukitolewa nitatolewa nao.

Kijitabu kikatoka. Wimbo sasa unaitwa "Maombolezo ya Njaa", yaani ile njaa kuu iliyoua watu wengi Ireland zamani, mtunzi hajulikani, umri miaka mia na sabini na zaidi, na chini yake: sehemu ya tatu imepotea milele. Imepotea! Ilikuwa inaishi nyumba ya nne kutoka kanisani na inaendesha gari la kijani la posta.

Uzinduzi ulifanyika kwa Hession, Jumapili mchana. Cormac akafumba macho akatuhutubia juu ya mateso ya mababu zetu, na wageni kutoka Dublin wakafuta machozi. Wenyeji tukatazama glasi. Kwetu mtu hakosolewi hadharani katika muziki. Ukiharibu, wenzako wanakumbuka ghafla kwamba wana haja ndogo. Tulipoanza ule wimbo, foleni ya chooni ilifika barabarani.

Attracta hakwenda chooni. Alingoja tumalize sehemu ya pili, akaweka fidla begani, akapiga ya tatu peke yake. Cormac akampigia makofi. Akamsifu kwa kujitahidi, lakini akasema kipande hicho ni cha kisasa mno, hakina machungu ya njaa.

"Nimeutunga mimi," Attracta akasema. "Wote. Ni wa mama yangu."

Cormac akamtabasamia kama daktari anayemtuliza mgonjwa, akaeleza kwamba nyimbo za kale zikishaingia damuni, wengi hudhani ni zao. Attracta akamwacha, akanigeukia mimi.

"Donncha, si ulikuwepo? Hebu mwambie huyu bwana wimbo unaitwaje."

Wapigaji wa kwetu tuna kinga moja: hatujui majina ya nyimbo. Mtu anapiga elfu moja, anajua majina arobaini, na hakuna wa kumlaumu. Nikaikumbatia kinga hiyo kwa mikono miwili.

"Dada, unanijua mimi na majina," nikasema. "Hayanikai."

Alinitazama kidogo tu. Akafunga fidla sandukuni akaondoka. Hakuna aliyeniambia neno, siku hiyo wala baadaye. Ila Jumapili iliyofuata nilikuta viti vya duara letu la wapigaji vimejaa, na iliyofuata vilevile, nikawa napigia kando ya friji, nyuma ya migongo ya watu niliokua nao. Iliniuma, na nilistahili.

Mwezi wa sita akaingia mtalii Mjerumani na albamu yetu mkononi. Attracta alikuwa amesharudi kwenye duara, na walikuwa wanapiga wimbo ule, sehemu zote tatu, kila mmoja ameshajifunza. Walipomaliza, Mjerumani akauliza kwa adabu wimbo huo unaitwaje, kwa sababu kijitabu kinasema sehemu ya tatu imepotea. Kila mtu akainamia chombo chake. Jina walilijua wote, na waliniachia mimi.

"Nonie Mlangoni," nikasema kutoka kando ya friji. "Ni wa Nonie Hehir. Ameutunga binti yake, huyo hapo. Kijitabu kinadanganya, na mimi nilijua."

Attracta hakugeuka. Alikaza uzi mmoja wa fidla, akausikiliza, akaulegeza kidogo.

"Kumbe unalijua," akasema, na akaanzisha wimbo mwingine.