Mpaka Wimbo Uishe

Mdogo wangu Delphin alikuwa na sheria moja tu ya muziki: ukishaweka écouteur sikioni, hutoi mpaka wimbo uishe.

Waya ulikuwa mmoja, wenye vichwa viwili. Yeye alichukua kichwa cha kulia, mimi cha kushoto. Kila Jumapili baada ya kanisa tuliketi mbele ya nyumba yetu hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mabega yakigusana kwa sababu waya ulikuwa mfupi, na kila mmoja alimletea mwenzake wimbo mmoja ambao mwenzake hajawahi kuusikia.

Mimi nilileta kwaya, au rumba ya zamani ambayo baba alikuwa akiipenda kule kwetu Bukavu. Delphin alileta uchafu. Sina neno lingine. Alileta bendi ya Wazungu kutoka nchi ya barafu, mwimbaji wao akinguruma kama mtu aliyekula nyama iliyooza. Alileta gitaa linalokwaruza kama kijiko kwenye sufuria iliyoungua. Alileta wanawake wa jangwani wanaopiga makofi na kulia kwa pua, wimbo mmoja usioisha, mpaka mate yakanijaa kinywani.

"Delphin, hii inanitapisha."

"Tapika, Yaya. Lakini usitoe."

Yaya, kwetu, ni dada mkubwa. Alisema hivyo huku akitafuna muwa na kutema makapi palepale mlangoni. Alikuwa na namna yake ya kutema, na kitu kama kikohozi ndani yake. Nzi wakaja. Kila Jumatatu nilifagia yale makapi yenye mate yake, nikimtukana kimoyomoyo.

Lakini uchafu wake uliniingia. Siku moja nilikuwa kwenye cherehani nikinguruma ule wimbo wa barafu bila kujijua, mteja akaniuliza kama tumbo linaniuma. Ikawa ndiyo bendi ninayoipenda kuliko zote. Naye nilimsikia akioga na kuimba sauti ya tatu ya kwaya yangu, vibaya kabisa.

Alipokuwa safarini kuuza nguo za mitumba kwenye masoko ya Dowa, hakuacha mchezo. Aliweka nyimbo kwenye kadi ya simu yake, na mbele ya kila wimbo alijirekodi akinisemesha: "Yaya, hii utaichukia. Sikiliza kwanza." Sauti ya pua iliyoziba, kwa sababu vumbi la barabarani halikumpenda. Akirudi aliichomeka kadi kwenye redio yetu ndogo, tukaweka waya, tukasikiliza.

Alikufa mwezi wa nne. Malaria ilimpanda kichwani. Kwenye matanga sikulia. Wanawake wa kanisa walipiga yowe mpaka sauti zikakauka, mimi nikakaa kwenye mkeka nikitazama vidole vya miguu yangu. Nilimsikia shangazi Odette akisema, "Ule mutoto iko na roho ya jiwe."

Siku ya kuondoa matanga, vitu vya marehemu vikagawiwa kwa waliompenda, kama ilivyo kwetu. Baba mudogo René ndiye aliyegawa. Shati kwa huyu, viatu kwa yule. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikisonga ugali wa watu wote. Nilipotoka na sufuria, redio ilikuwa tayari kwenye mikono ya Fabrice, rafiki wa Delphin, anayefanya kazi ya muziki Lilongwe.

Nilimvuta baba mudogo kando. "Ndani ya ile redio kuna kadi. Kuna sauti yake."

"Sauti gani? Nilijua ni redio tu."

"Alikuwa ananisemesha mbele ya nyimbo."

Akashika mdomo. Hakuwa amejua, maskini. Lakini akatikisa kichwa. "Kitu ya matanga habairudishake, Gentille. Ukiiomba, ni kama unamunyanganya marehemu. Bantu batasema nini?"

Kwa hiyo nilipokwenda Lilongwe sikwenda kuomba kitu. Nilikwenda kuomba kusikiliza.

Kibanda cha Fabrice kiko Area 47, kimeegemea ukuta wa baa. Anawawekea watu nyimbo kwenye simu, na spika zake ndizo zinazowapigia wanywaji muziki. Ukifika unapokewa kwanza na harufu: mkojo wa ukutani, utumbo wa mbuzi unaochomwa, na manukato ya Fabrice juu ya vyote viwili. Nilijifunika pua kwa kitenge. Hapo ndipo spika ikasema:

"Yaya, hii utaichukia. Sikiliza kwanza."

Nikasimama. Ikafuata honi, paa paa paa, na sauti ya Fabrice ikipiga kelele: "Diiidjei Fabrice! Area Forty-Seven!" Kisha ngoma. Mlevi mmoja, Mmalawi, akainua chupa na kuigiza, "Yaya! Yaya!" bila kujua maana yake. Wenzake wakacheka.

Nikakaza kitenge puani, nikaingia.

Fabrice alikuwa anakula utumbo kwa mikono. Aliponiona alisimama, akanipa kifundo cha mkono nisalimie kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta.

"Yaya Gentille! Karibu, karibu. Umesikia? Delphin anatembea muji muzima. Ile sauti yake bantu banaipenda sana."

"Umeiwekea honi."

"Njo signature, Yaya. Bila ile, mutu mwingine atakuibia."

"Na zile zingine? Alisema mbele ya kila wimbo."

Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Zile nilikata. Mukiliya mwenye kununua anataka muziki, hataki maneno. Nilibakisha hii moja kwa sababu iko na swing."

"Kadi iko wapi?"

"Kadi? Nilihamisha nyimbo kwa kompyuta, nilifuta yote, niliuzia mutu wa kabaza, ile kinga ya kubeba bantu. We uko na hasira? Mi nilimupenda Delphin kuliko ndugu."

Alisema hayo na kipande cha utumbo kikiwa kati ya meno yake. Nilitazama kile kipande. Nilijua nikimtazama machoni nitatapika juu ya kompyuta yake, na sikutaka, kwa sababu kompyuta ndiyo iliyobaki.

"Tafuta," nikasema. "Labda kuna moja hukukata."

Alitafuta, vidole vikiacha alama za mafuta kwenye kila kibonyezo alichogusa. Mwisho akasema, "Kuna moja sikufunguaka. Imeandikwa Mponela. Nilizani ni kelele za soko." Nje spika zilikuwa zikitikisa mabati, hatungesikia neno. Akatoa écouteurs zake mfukoni, akanipa.

Zilikuwa nyeupe zamani. Nta ya sikio ilikuwa imejaa kwenye vitundu, ya kahawia, na unywele mmoja umenasa ndani yake. Zilikuwa na joto la mfuko wake.

"Uko na kitambaa?"

"Ya nini? Ni safi."

Nilipangusa kwa ncha ya kitenge, ikapakaa zaidi. Nikachukua kichwa cha kushoto na kukiingiza. Kilikuwa kinanata. Kichwa cha kulia kikaninginia kifuani.

"Yaya," Delphin akasema, pua imeziba. "Hii sikununua. Niko Mponela, niko nairekodi mwenyewe. Hawa bantu iko bane, gitaa yao ni ya galoni ya mafuta, ngoma wanapiga na kisigino. Utaichukia. Usitoe."

Ikaanza. Ilikuwa mbaya. Galoni ililia kama paka aliyebanwa mlangoni, na mwimbaji, mzee kwa sauti yake, aliimba Kichewa kwa kuyavuta maneno kama mtu anayetoa mwiba. Lori zikapita. Mtu akanadi nyanya. Joto la nta lilinitambaa shingoni na ngozi yote ikasisimka.

Katikati, kisigino kikabadilisha mwendo. Sauti tatu za chini zikaingia chini ya yule mzee, zikampandisha taratibu, na nikajua Delphin alikuwa amesimama pale na simu yake akitabasamu, akijua kwamba ni hapa ndipo nitakapokamatwa. Nilikamatwa.

Fabrice akanigusa bega. "Ni muzuri?"

"Haijaisha."

"Nione basi, nisikilize." Akanyoosha mkono kwenye kichwa cha kulia. Nikakikunja kwenye kiganja changu.

Mzee alinyamaza. Galoni ikatoa sauti moja ya mwisho. Halafu, karibu kabisa na simu, nikasikia muwa ukivunjwa, ukatafunwa, na Delphin akatema, na kile kikohozi ndani yake.

Nilitoa écouteur.

"Niwekee hii kwenye simu yangu. Halafu ufute hapa. Na ile ya honi ufute."

"Yaya, hapana! Kama iko na gitaa ya galoni, ile itapiga! Nitaiwekea tu signature kidogo..."

"Fabrice. Ulikuwa kwenye matanga. Uliniona nikilia?"

Akafikiri. "Hapana."

"Kile kilio ningali nacho chote. Nitakaa hapo mlangoni pa baa, nivue kitambaa cha kichwa, nilie kama wanavyolia Bukavu, mpaka jioni. Utaona kama kuna mtu atakunywa."

Alicheka, akitafuta uso wangu nami nicheke. Nilikuwa tayari nimefungua fundo la kitambaa. Akatazama mlangoni, akatazama walevi wake, akapangusa vidole kwenye suruali na kukaa mbele ya kompyuta. Nilisimama nyuma yake nikimnusa mpaka akamaliza. Aliponinyooshea mkono wa kwaheri, nilisema zikomo, asante ya Kichewa, kama unavyomwambia mtu usiyemjua, nikatoka.

Nyumbani nilisugua sikio kwa sabuni ya kufulia mpaka likauma. Bado nausikia ule mnato.

Wale watu wanne sasa ndio bendi yangu. Kila Jumapili baada ya kanisa ninakaa mbele ya nyumba na waya wetu, kichwa cha kushoto sikioni, cha kulia mapajani. Shangazi Odette akipita huuliza kwa nini nasikiliza paka. Sitoi. Ninangojea mzee anyamaze na galoni imalizie, nimsikie Delphin akitema.