Waliogeuza Ng'ombe

Saa moja asubuhi Lucian Tolliver alikaa kwenye kiti cha mpambaji, akatoa mfukoni kopo la poda yake mwenyewe. Mpambaji alikuwa na meza nzima ya poda, zote za watu weupe, na wala hakuona haya. Alimshukuru Lucian kwa kumpunguzia kazi. Nje, katika shamba la kupigia sinema kwenye bonde la Simi, kaskazini mwa Los Angeles, ng'ombe wa kukodi walikuwa wamelala wakicheua. Ulikuwa mwaka wa 1960, na kila Ijumaa jioni Marekani nzima ilikaa kitako kutazama tamthilia ya makauboi iliyotengenezwa hapo. Safari hii Lucian alikuwa mwigizaji mgeni. Si mpishi wa kambi, si mshika farasi anayeonekana kisogo tu. Mgeni hasa, mwenye hotuba yake ya ukurasa mzima. Furaha ilimjaa hata akasahau kunywa kahawa.

Furaha hiyo ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe iliishi Watts, mtaa wa watu weusi kusini mwa Los Angeles, ikiwa na meno ya bandia. Baba yake, Mzee Cleophus, alikuwa amewaambia majirani miaka nenda miaka rudi kwamba marehemu babake, Ransom Tolliver, alizaliwa utumwani Texas, akapata uhuru, akawa kauboi, akaswaga ng'ombe kwa farasi hadi Kansas. Majirani walishika mbavu. Wao walikuwa na televisheni, na kauboi walijua anafananaje.

"Njia ya mwongo ni fupi, Mzee Cleophus," Bi Odessa Pruitt, jirani wa nyumba ya pili, alimwambia kila Jumapili watu wakitoka kanisani.

"Yangu ilifika Kansas, Odessa."

"Makubwa! Na huyo farasi, alikuwa mweusi naye?"

Mzee alicheka pamoja nao. Lakini akishafunga mlango alikaa kimya mpaka chakula kikapoa, na Lucian alikuwa ameuona ukimya huo tangu utotoni. Alitaka jambo moja tu: babake aone makauboi weusi kwenye runinga yake mwenyewe, majirani wakiwa wamejaa sebuleni, kabla hajaingia kaburini.

Katika hadithi ya wiki ile Lucian aliitwa Moses, kauboi mtu mzima aliyezuiwa kunywesha ng'ombe mtoni. Alitakiwa asimame mbele ya sherifu na kumwambia ni nani waliofungua njia ile kabla kila mtu hajajifanya mwenye njia. Sherifu ndiye stelingi, Dale Corrigan, na stelingi huwa hafi wala hachelewi kwenda nyumbani. Alipigwa picha zake kwanza, Lucian akimsemea maneno yote kutoka nyuma ya kamera, kwa moyo kabisa. Zamu ya Lucian ilipofika, Corrigan alikuwa amekwisha kwenda kucheza gofu. Ndiyo desturi. Mgeni akapewa mti wa taa wenye kipande cha utepe mweupe kwenye kimo cha macho ya stelingi, azungumze nao.

"Bwana Brenner," Lucian alimwambia mwongozaji, "kwenye hotuba yangu wameandika Slim, Buck na Red, majina ya kubuni tu. Naweza kutaja watu ninaowajua?"

"Taja hata shangazi zako," Brenner akasema, akitazama jua. "Ila usiniharibie mwanga."

Kamera ikaanza. Lucian akautazama ule utepe, akavua kofia.

"Unauliza nani alipita hapa kwanza, Sherifu? Kabla ya uzio wako na karatasi zako? Alipita Toby Sayles, aliyekuwa akiimbia ng'ombe usiku wasiogope radi."

Toby Sayles akatokea juu ya kilima, juu ya farasi wa kijivu. Alikuwa amekufa tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na alipanda vizuri sana.

"Alipita Green Mayfield, aliyevuka Mto Mwekundu ukiwa umefurika, akarudi tena kumfuata ndama."

Green Mayfield akaja nyuma ya Toby, buti zikidondosha maji. Wale ng'ombe wavivu, ambao tangu asubuhi hawakunyanyuka hata kwa mijeledi, wakasimama wote kwa pamoja. Brenner naye akasimama juu ya kiti chake.

"Na mbele yao," Lucian akasema, "mbele yao wote alikuwa Ransom Tolliver!"

Huyo akaja kwa kasi, kofia pana, mgongo umenyooka, kamba inazunguka juu ya kichwa. Ng'ombe wakatimka. Ardhi ikatetemeka, vumbi likapanda, kundi zima likaelekea moja kwa moja kwenye gari la kamera. Mpiga picha hakukimbia. Alishika kamera akiwa amefumba jicho moja na kinywa wazi. Ransom akalala shingoni mwa farasi, akawapita ng'ombe wa mbele, akapiga ukelele mmoja mwembamba. Toby akafunga upande wa kushoto, Green akaziba nyuma, na kundi likageuka, likageuka lote, pembe zikipita karibu na gari kiasi cha kukwaruza rangi.

"Msizime!" Brenner alipiga kelele. "Anayezima kamera namfukuza kazi!"

Likazungushwa mpaka likatulia. Hapo mafundi, wapishi na hata dereva wa lori wakapiga makofi na miluzi, kofia zikarushwa juu. Lucian alikuwa akilia waziwazi na hakujifuta. Mtu wa chama cha waigizaji akapita akiwauliza wapanda farasi watatu kama walikuwa wanachama, wakasema hapana, akawaambia basi wasirudie.

Ransom akashuka, akamtazama Lucian juu mpaka chini.

"Wewe wa Cleophus?"

"Ndiyo, Babu."

"Bado ana maneno mengi?"

"Bado, Babu. Ila hakuna anayemwamini."

"Na anakaa wapi siku hizi?"

"Watts. Ijumaa ya wiki ijayo tutatazama kwake hiki tulichopiga leo. Njoo, Babu."

"Nitakuja," Ransom akasema. "Niwekeeni kitu kitamu."

Siku chache baadaye Brenner alimwingiza Lucian kwenye chumba cha kutazamia, ingawa wageni huwa hawaruhusiwi. Mbele walikaa Haskell, mtayarishaji, na bwana mmoja wa kampuni ya sabuni iliyodhamini kipindi. Taa zikazimwa. Ng'ombe wakatimka tena, Ransom akalala tena shingoni mwa farasi, na bwana wa sabuni akashika mikono ya kiti kama mtu aliye kwenye jahazi. Taa zilipowaka Haskell alikuwa anafuta miwani.

"Sijapata kuona kitu kama hiki," bwana wa sabuni akasema, na alikuwa mkweli. "Moyo bado unanienda mbio. Lakini hao wapanda farasi, sijui. Watu hawatakubali."

"Ni kweli wamekufa," Brenner akasema. "Lakini kwa mwanga ule haionekani."

"Kufa si neno. Mwezi uliopita tulikuwa na mzimu na sabuni iliuzwa vizuri. Nasema hii rangi. Makauboi hawakuwa hivyo. Mtazamaji wetu anapenda ukweli."

Lucian akasimama. "Bwana, yule wa mbele ni babu yangu. Ndiye yeye mwenyewe."

"Nami nakupa hongera," yule bwana akamwambia, akamshika mkono kwa upole mkubwa. "Anapanda vizuri mno."

"Basi mwacheni yeye peke yake. Hao wengine toeni, yeye mwacheni. Baba yangu ana miaka sabini na mitano."

Haskell akamgusa bega. "Tutaangalia, Lucian. Tutaangalia." Na Lucian, ambaye hakuwa mjinga, aliamua kuamini, kwa sababu ilibaki siku sita na hakuna namna nyingine ya kuzimaliza.

Ijumaa ile nyumba ya Mzee Cleophus haikuwa na mahali pa kuweka mguu. Wengine walikaa madirishani. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, saladi ya viazi, na pai ya pichi iliyoletwa na Bi Odessa. Ransom alifika jua likizama, akafunga farasi kwenye uzio, na farasi akala sukuma wiki ya Bi Odessa mstari mzima. Bi Odessa alimsema papo hapo, Ransom akavua kofia, akajitaja jina na kuomba radhi, naye akamsamehe, akamwekea kiti cha mbele. Mzee Cleophus alimshika babake mkono, akaugeuza, akapapasa sugu za kamba kwenye kiganja, kisha akakaa naye bega kwa bega mbele ya runinga huku akitabasamu kwa meno yake yote ya bandia.

"Kaeni kimya sasa!" akawaambia majirani. "Leo ndiyo leo!"

Tamthilia ikaanza. Corrigan akapigana, Corrigan akashinda. Kisha Lucian akatokea, na sebule nzima ikalipuka kwa vifijo, watoto wakaruka juu ya makochi. Uso wake ulikaa muda wa mtu kupiga chafya. Baada ya hapo kamera ilimwonyesha Corrigan akisikiliza, Corrigan akitafakari, na juu ya uso wa Corrigan sauti ya mtu mwingine kabisa ikataja Slim, Buck na Red. Ng'ombe wakatimka. Wakatimka wenyewe. Wakafika mbele wakageuka wenyewe, kundi zima, kwa utaratibu mzuri, kama waliokuwa wamekubaliana. Kisha likaja tangazo la sabuni.

Lucian alitamani kuivunja ile runinga. Hakuivunja, kwa sababu ilikuwa ya babake na haijamalizwa kulipiwa. Alimtazama mzee. Tabasamu lilikuwa bado lipo, halijui pa kwenda.

Ransom alisogea mbele kwenye kiti. "Nani anawageuza wale ng'ombe?" akauliza.

Bi Odessa, ambaye hakuwa na roho mbaya hata kidogo, aliinuka na kisu cha pai, akamkalia Mzee Cleophus karibu, akampapasa goti.

"Kaka yangu, nakupenda sana, nawe unajua," akasema. "Lakini umeona mwenyewe kwa macho yako. Hakuna hata kauboi mmoja mweusi. Kama wangalikuwepo, kweli watu wa runinga wangalishindwa kutuonyesha?"

Kisha akamgeukia Ransom, akamkatia kipande kikubwa, na akamwomba aondoe miguu kidogo, kwani miiba ya chuma kwenye visigino vya buti zake ilikuwa inachana zulia.